Kumwomboleza Mwalimu kwa Kumsoma: Mchango wa Elena Bertoncini Zúbková

Makala haya yanamkumbuka marehemu Profesa Elena Bertoncini Zúbková, mwalimu wa lugha na fasihi ya Kiswahili mjini Napoli, Italia, aliyefariki mwaka 2018. Wengi wetu hatukuketi darasani mwake. Hata hivyo, ni vigumu kwa mwanafunzi wa uzamili kuandika mapitio ya maandishi kuhusu riwaya ya Kiswahili bila ya kukutana na jina lake.

Msomi anapotutoka, ada yetu ni kummiminia sifa. Vyeo vyake hutajwa, shairi hughanwa, kisha vitabu vyake hurudi rafuni. Makala haya yanashikilia kwamba mwalimu wa fasihi huombolezwa ipasavyo pale kazi yake inaposomwa, inapojaribiwa na, inapobidi, inapopingwa.

Mwalimu na Wenzake

Mwaka 1989 kitabu chake, Outline of Swahili Literature: Prose Fiction and Drama, kilichapishwa na Brill mjini Leiden. Kilichora ramani ya nathari na tamthilia ya Kiswahili wakati ambapo ushairi ndio uliokuwa umewashughulisha zaidi watafiti wengi wa ng'ambo. Toleo la pili lilipotoka mwaka 2009, jalada lilikuwa na majina manne: lake, la Mikhail Gromov, la Said Khamis na la Kyallo Wadi Wamitila.

Jambo hili lina uzito. Said Khamis ndiye Said Ahmed Mohamed, mtunzi wa Utengano (1980). Wamitila, Mkenya mwenzetu, ndiye mtunzi wa Bina-Adamu! Mhakiki aliwakaribisha watunzi katika kitabu kinachohakiki utanzu wao. Mwenye kuitawala taaluma peke yake huogopa kufanya hivyo. Yeye alitambua kwamba ramani ya fasihi hai haikamilishwi na mkono mmoja.

Wahanga au Walaghai?

Mwaka 1996 alichapisha Vamps and Victims, mkusanyiko wa dondoo za Kiswahili unaohusu usawiri wa wanawake katika fasihi ya kisasa. Anwani yenyewe inataja makundi mawili: wanawake wanaowanasa wanaume kwa hila za mapenzi, na wanawake wanaodhulumiwa. Tuyajaribu makundi haya kwa riwaya mbili.

Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Rosa analelewa na baba mkali na mlevi. Akiwa mbali na nyumbani, anatumbukia katika mapenzi yasiyo na mipaka, na mwishowe anajiua. Katika Utengano, Maimuna anafungiwa ndani na babaye, Maksuudi. Anapotoka, anaishia kwa Mama Jeni, ambako pombe na wanaume vinayatawala maisha yake. Je, tuwaweke wapi wawili hawa? Kila mmoja ni mhanga kwanza, kisha jamii inamwita mpotovu. Hivyo basi, makundi hayo mawili yanaweza kusomwa kama hatua mbili za dhuluma moja: nyumba inamfinyanga binti, kisha inamlaani kwa umbo alilopewa.

Usomaji huu unatofautiana na mgawanyo ambao anwani inaudokeza, lakini usingewezekana bila ya mgawanyo huo. Hapo ndipo ulipo ualimu wake: alitupa istilahi za kuanzia, nasi tuna uhuru wa kuzihoji.

Hitimisho

Inafaa tujiulize ni wangapi kati ya walimu wetu wenyewe, hasa wanawake, ambao tasnifu na makala zao zinafifia kwenye maktaba za idara baada ya mazishi. Chama chetu kinaweza kuanza na zoezi jepesi: kila mwanachama achague kazi moja ya mwalimu aliyetangulia mbele ya haki, aisome yote, na aandike ukurasa mmoja wa kuijibu. Sifa humalizika matanga yakianuliwa, lakini hoja iliyojibiwa hubaki katika mazungumzo ya walio hai.