Vidonda vya Tumbo: Kipimo Kwanza, Dawa Baadaye

Jioni, watu wanaposhuka matatu kutoka mjini, ombi moja husikika mara nyingi katika maduka ya dawa ya Donholm: "Daktari, nipe kitu cha kutuliza tumbo." Mteja huondoka na chupa ya dawa nyeupe ya kupunguza asidi, au tembe chache ndani ya bahasha. Maumivu hutulia siku mbili tatu, kisha hurudi. Wapo wakazi walioishi hivyo kwa miaka, wakilaumu pilipili, maharagwe au mawazo ya karo.

Madaktari nao waliamini hivyo kwa muda mrefu. Hadi miaka ya 1980, vidonda vya tumbo vilihesabiwa kuwa matokeo ya asidi nyingi na wasiwasi. Mgonjwa aliambiwa apumzike na achague chakula, wengine walipasuliwa. Katika mji wa Perth, Australia, daktari Robin Warren alikuwa ameona bakteria waliojipinda kwenye vipande vya nyama vilivyotolewa matumboni mwa wagonjwa. Yeye na mwenzake kijana, Barry Marshall, walijaribu kuwakuza maabarani bila mafanikio, mpaka Pasaka ya mwaka 1982, sahani zilipoachwa siku kadhaa zaidi ya kawaida kwa sababu ya sikukuu. Ziliporudiwa, bakteria walikuwa wameota. Kumbe walihitaji muda tu.

Wengi hawakusadiki. Mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi wenye bakteria hao. Hakupata kidonda, lakini siku chache baadaye alianza kutapika, na uchunguzi ukaonyesha kuta za tumbo lake zimevimba. Si jambo la kuigwa na mtu yeyote, ila lilifungua macho. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo ndiye Helicobacter pylori, anayeandikwa H. pylori kwenye karatasi za maabara.

Jambo hili halihusu Australia peke yake. Utafiti uliofanywa Nairobi kwa wagonjwa wenye matatizo ya tumbo, na kuchapishwa mwaka 2010 katika jarida la madaktari la Afrika Kusini, ulimkuta bakteria huyu kwa karibu watoto watatu kati ya wanne, na kwa zaidi ya nusu ya watu wazima. Wengi humpata utotoni, nyumbani, na wengi huishi naye bila kuugua. Kwa wengine hula utando wa tumbo hadi kidonda kitokee, na kwa wachache huishia kuwa saratani. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilimtaja kuwa chanzo cha saratani mwaka 1994.

Hapa ndipo pesa nyingi za wakazi hupotea: kipimo. Kipimo cha damu huonyesha kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi ya bakteria, na kinga hiyo hubaki hata miezi mingi baada ya mtu kupona. Mtu aliyekwisha kutibiwa akipimwa damu tena, huambiwa bado ni mgonjwa na kuandikiwa dawa zilezile mara ya pili na ya tatu. Kipimo cha choo au cha pumzi ndicho huonyesha kama bakteria yupo sasa. Hata hivyo, kinahitaji mgonjwa awe ameacha dawa kama omeprazole kwa wiki 2, na antibiotiki kwa wiki 4, la sivyo jibu linaweza kudanganya. Asiache dawa aliyoandikiwa kabla ya kumuuliza daktari.

Tiba ya kawaida huchanganya antibiotiki mbili au zaidi na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Wengi huacha siku ya tano maumivu yanapoisha. Bakteria waliobaki hujifunza kuistahimili dawa, na duru inayofuata huwa ngumu na ghali zaidi. Mwenye mzio wa penisilini aseme kabla ya kupewa dawa.

Si kila kidonda kinatokana na bakteria. Diclofenac, ibuprofen na aspirini, zinazonunuliwa ovyo kwa maumivu ya mgongo na viungo, huchubua tumbo pia. Anayekwenda kliniki abebe pakiti za dawa zote alizotumia, hata zile anazoona aibu kuzitaja.

Choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, kukonda bila sababu, au chakula kukwama kooni si mambo ya duka la dawa. Anayetapika damu au kupata choo cheusi apelekwe hospitalini mara moja, hata usiku. Kwa watu wa Donholm, hospitali ya kaunti iliyo karibu ni Mama Lucy Kibaki.