Kina Kwenye Ubao na Kiasi cha Maji Mtoni

Kibali cha kutumia maji ya mto hutaja kiasi, mara nyingi kwa lita kwa sekunde. Ubao wa kupimia uliosimikwa ukingoni huonyesha mita na sentimita. Kati ya vipimo hivyo viwili ndipo huzuka ugomvi mwingi wa kiangazi, mwenye shamba la chini anapoona ubao ukionyesha kina kilekile cha wiki iliyopita ilhali mfereji wake umekauka.

Kiasi kinachopita ni eneo la mkato wa mto likizidishwa kwa kasi ya maji. Tuchukue mto wenye upana wa mita 8 na kina cha wastani cha nusu mita: eneo ni mita za mraba 4. Chungwa lililoachiwa majini likielea mita 10 kwa sekunde 20, kasi ya juu ni nusu mita kwa sekunde. (Jani halifai, upepo hulisukuma.) Maji ya chini husuguana na sakafu ya mto na kwenda polepole, hivyo tunachukua takriban nane ya kumi ya kasi hiyo, yaani 0.4. Jibu ni lita 1,600 kwa sekunde.

Kina kikifika mita 1, wengi hudhani kiasi kimekuwa maradufu. Sivyo. Kina kikiongezeka, maji huenda kasi zaidi. Katika mto huu kasi ingekaribia 0.63, na kiasi kingefika takriban lita 5,000, zaidi ya mara tatu. Kwa sababu hiyo wataalamu hupima kasi na eneo katika siku nyingi, za masika na za kiangazi, kisha huchora mstari unaooanisha kila kina na kiasi chake. Kuanzia hapo, kusoma ubao kunatosha.

Kunatosha, lakini mahali pale tu, na kwa muda. Mafuriko yakichimba sakafu au kuijaza mchanga, mchoro wa zamani hudanganya. Zaidi ya hayo, mtu akipanga mawe au mifuko ya mchanga chini kidogo ya ubao, maji hutuama na kina hupanda hata kama yanayopita yamepungua. Hilo ndilo kosa tunaloliona kuwa baya kuliko yote, kwani ubao huonyesha neema mahali penye upungufu.

Katika Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kila sentimita ina uzito. Kina kikiwa sentimita 10 tu, kukosea sentimita 2 hupotosha kiasi kwa karibu theluthi moja.

Kwa hiyo, mgao wako ukipunguzwa kwa kutegemea ubao, iombe Bodi ya Maji ya Bonde, kupitia jumuiya yenu ya watumia maji, ikueleze kasi ilipimwa lini mara ya mwisho mahali hapo, na kama kulitokea mafuriko baada ya hapo. Andika tarehe na saa ya usomaji wako, piga picha ya ubao kwa simu, kisha tembea ukingoni kuelekea chini ukague kama kuna kizuizi. Mto ukiwa umefurika, usiingie majini. Soma ukiwa ukingoni.