Jitihada Haiondoi Kudura

Siku hizi ni siku za mitambo. Tunaongea na watu walio mbali kwa simu za mkononi, madaktari huona ndani ya mwili bila kutumia kisu, na kompyuta hujibu maswali yetu upesi. Kwa hiyo baadhi ya wanafunzi wenzangu husema, "Mungu alihitajiwa na wazee wetu, kwa kuwa hawakuwa na elimu." Mimi nalipinga neno hili, na ushahidi wangu nautoa katika sayansi yenyewe.

Mwezi wa Aprili 1970, Wamarekani watatu, Lovell, Swigert na Haise, walisafiri kwenda mwezini katika chombo kilichoitwa Apollo 13. Walipokuwa mbali na dunia kama kilometa 320,000, tangi moja la oksijeni lilipasuka. Uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba swichi ndogo zilizokuwa ndani ya tangi zilitengenezwa kwa umeme wa volti 28, lakini wakati wa matayarisho zilipitishiwa volti 65, zikaharibika. Kosa hilo dogo ndilo lililoanzisha hatari yote.

Basi watu hao walihamia katika chombo kidogo cha kutulia mwezini, kilichofanywa kuwatosha watu wawili kwa siku mbili hivi. Wakakitegemea watatu, karibu siku nne, katika baridi kali. Maji walikunywa kidogo sana. Hewa chafu ya pumzi zao ilipozidi, waliisafisha kwa kifaa walichokiunga kwa mifuko ya plastiki, karatasi ngumu na utepe wa kunata. Wataalamu huku duniani walipiga hesabu usiku na mchana, na watu wa nchi nyingi waliwaombea. Tarehe 17 Aprili walishuka salama katika bahari ya Pasifiki.

Mtu aweza kusema, "Waliokolewa na hesabu, si kwa sala." Mimi sitaki kugombanisha vitu hivi viwili. Ila tutazame walichopungukiwa: hewa, maji na joto, ambavyo hapa duniani hata mtoto mchanga hupewa. Hakuna kiwanda kilichobuni oksijeni; watu waliikuta, wakajifunza kuitia katika tangi. Njia yao ya kurudi nayo ilitegemea mvuto wa mwezi, uliowazungusha kuelekea nyumbani, na mvuto huo haukuwekwa na fundi yeyote. Hata akili ya kupiga hesabu hatukujiumbia wenyewe. Naona basi kwamba kadiri mwanadamu anavyokwenda mbali, ndivyo anavyolazimika kubeba vipawa vya Mungu pamoja naye.

Wenzangu, tusiache masomo ya sayansi kwa kusingizia imani, wala tusiache sala kwa kujivunia masomo. Anayesali na afanye kazi yake vizuri, hata ikiwa ni swichi ndogo tu. Naye afanyaye kazi na akumbuke ni nani aliyempa pumzi.