Mgeni Nyumbani: Wajibu wa Mume na wa Mke



Ndugu mmoja akaaye Kizota, katika jiji la Dodoma, ambaye hajatimiza miaka miwili tangu aingie katika dini ya Islam pamoja na mkewe, alituletea swali. Tumeona yafaa lijibiwe mbele ya wasomaji wote, maana wengi wanalo vifuani mwao ila huona haya kuliuliza.

Yeye ni mtu wa Tanga, na mkewe ni Mgogo wa upande wa Bahi. Walifika Dodoma baada ya Serikali kuanza kuhamia huko kwa nguvu tangu mwaka 2016, ingawa uamuzi wa kuufanya mji huo makao makuu ulikuwa umekwisha kutolewa tangu mwaka 1973. Wamepanga vyumba viwili. Watu wengi huijua Kizota kwa maghala yake makubwa ya nafaka ya Serikali, na kwa ukumbi ambamo Chama cha Mapinduzi kilifanyia mikutano yake mikuu mwaka 2007 na mwaka 2012. Lakini nafaka ya taifa kulala ghalani mtaa wa pili hakujazi sufuria ya mpangaji. Katika miezi ya Januari na Februari, wakati uwele na mtama vingali shambani na vihenge vya kijijini vimepungua, jamaa za mke huja mjini. Na tangu treni ya umeme ilipoanza mwaka 2024 kuwaleta abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, jamaa za mume nao wameona kuwa safari imekuwa fupi. Nyumba haikosi mgeni.

Basi siku moja mke alimwambia mumewe: "Wewe husema karibuni pale mlangoni, nami huilipa karibu hiyo jikoni." Mume alikasirika, akamjibu kwamba mwanamke Mwislamu hachoki na wageni. Sasa anatuuliza kama alisema kweli.

Jibu letu ni kwamba alisema nusu ya neno, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyomhusu yeye mwenyewe.

Kwamba mgeni ana haki, hilo halina shaka. Mtume Mtukufu s.a.w. ameunganisha kumkirimu mgeni na kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Lakini aliyeweka haki hiyo ndiye pia aliyeiwekea mpaka. Alifundisha kuwa ukarimu ni wa siku tatu, kinachozidi hapo ni sadaka, wala si halali kwa mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Wazee wetu nao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sidhani kama walikuwa wachoyo. Walijua tu kwamba nyumba ni watu, na watu huchoka.

Huenda msomaji akauliza: je, baba mkwe akija wakati wa njaa, afukuzwe siku ya nne? Hasha! Huyo si mgeni tu, bali ni jamaa, na Kurani Tukufu imeagiza mara nyingi kwamba jamaa apewe haki yake. Kinachobadilika siku ya nne ni kazi. Aliye na nguvu achote maji, aambue karanga, aangalie watoto. Kumpa mzee kazi ya kukaa kivulini na kuchambua mboga si kumvunjia heshima. Wengi wao huudhika zaidi wakikalishwa bure kama mizigo stesheni.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Imesimuliwa kuwa huko Qadian, katika siku za Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, usiku mmoja walifika wageni wengi sana, hata mkewe, Bibi Nusrat Jahan r.a., akafadhaika asijue atawaweka wapi. Seyidna Ahmad a.s. hakumkemea. Alikaa naye akamsimulia kisa. Msafiri mmoja aliingiliwa na usiku porini, akaketi chini ya mti. Juu ya mti ule palikuwa na kiota cha ndege wawili, dume na jike. Wakasemezana: huyu leo ni mgeni wetu, na usiku ni wa baridi, nasi tuna nini cha kumpa? Wakakivunja kiota chao, wakaangusha vijiti chini, naye akawasha moto akaota. Kisha wakaona kuwa ana njaa. Hawakuwa na kitu kilichobaki ila miili yao, basi wakajitupa motoni ili wawe kitoweo chake.

Hapa namwomba msomaji asimame kidogo. Nimewahi kuwasikia waume wakikisimulia kisa hiki ili kuwanyamazisha wake zao, na kila mara nimeona kuwa wamekisikia vibaya. Ndege walikuwa wawili. Shauri lilikuwa lao wawili, kiota kilikuwa chao wawili, na motoni waliingia wote. Dume hakubaki tawini akimhimiza jike ashuke! Tena tuangalie ni nani aliyesimuliwa, na kwa namna gani: mke aliyeelemewa aliketishwa na mumewe, akaliwazwa kwa maneno mazuri usiku ule ule wa shida. Mume wa Kizota alifanya hivyo?

Na si kisa hicho peke yake. Katika Hadithi imepokewa habari ya mtu mwenye njaa aliyemjia Mtume s.a.w. Mtume akauliza nyumbani kwake, na kwa wakeze wote halikupatikana ila maji. Ansari mmoja akamchukua mgeni yule. Kwake nako hapakuwa na kitu ila chakula cha watoto. Mume akamweleza mkewe la kufanya, naye akalifanya: watoto wakalazwa, taa ikazimwa kana kwamba inatengenezwa, na wote wawili wakakaa gizani na mgeni, wakijifanya wanakula ilhali hawali. Mgeni alishiba, mume na mke walilala na njaa. Asubuhi Mtume s.a.w. alimpa Ansari yule habari njema kwamba Mwenyezi Mungu amependezwa na walivyofanya usiku, yeye na mkewe.

Hata Nabii Ibrahim a.s., alipofikiwa na wageni asiowajua, Kurani Tukufu inatueleza kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa watu wa nyumbani kwake na kuleta ndama, akawasogezea wageni kwa mkono wake. Na Bibi Aisha r.a. alipoulizwa Mtume s.a.w. alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa Sala ukifika alitoka. Basi mume anayeona kuwa kupuliza jiko la mkaa au kubeba dumu la maji ni aibu, atuonyeshe aibu hiyo ameitoa wapi, maana katika Sunna haimo.

Ndugu yetu alitaja jambo jingine, kwa maneno machache, lakini naliona zito. Mama mkwe alipokuja alileta mlenda wa majani makavu, aliouchuma na kuuanika mwenyewe. Ukapikwa ukaletwa na ugali wa uwele. Mume, aliyezoea samaki na wali wa nazi, akasema mbele ya mama yule kuwa hicho si chakula. Mke alilia.

Hapa sitamhukumu sana, kwa kuwa nami nina deni. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, tulikula dengu na chapati siku baada ya siku, nami nilikuwa nikiota ugali. Siku moja nikasema kwa sauti kuwa chakula kile kimenichosha. Mpishi, mzee aliyekuwa akiamka kabla ya alfajiri kwa ajili yetu, alikuwa nyuma yangu. Hakusema neno. Mpaka leo nikiona dengu namkumbuka.

Mtume s.a.w. hakuwa akikitia chakula kasoro: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Siku moja, nyumbani kwa Bibi Maimuna r.a., aliletewa nyama ya mnyama wa jangwani afananaye na kenge. Alipoambiwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid r.a. akauliza kama ni haramu. Mtume akaeleza kuwa si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, ndiyo maana nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta nyama ile akala, na Mtume akimtazama. Adabu yote imo humo. Kutopenda si dhambi. Dhambi huanza pale unapokifanya kilicho kigeni kwako kuwa kibaya kwa wote.

Kuhusu kula kwa wazazi wa mke, ambao ni Waanglikana kama walivyo wengi katika Ugogo: yako maneno ya baadhi ya watu kwamba aliyesilimu asiguse tena chungu cha mama yake. Yapimwe kwa Kurani Tukufu. Sura Al-Maida, aya ya 6, imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, kwa sharti linalojulikana kuwa kitu chenyewe kisiwe kilichoharimishwa. Na Sura An-Nur, aya ya 62, inaeleza kuwa hapana lawama kula katika nyumba za baba, za mama, za ndugu, za shangazi na wajomba, hata ya rafiki, pamoja au mbalimbali, kisha inaagiza kutoa salamu mwingiapo majumbani. Pombe ya mtama ikiletwa, ikataliwe kwa upole na bila hotuba. Ugali na uliwe.

Tulimwandikia ndugu yetu haya kwa urefu zaidi, na barua yake ya pili imefika. Anasema wameafikiana kwamba hakuna atakayemkaribisha mtu kulala bila mwenzake kujua, na kwamba wageni wakiwepo, maji na mkaa ni juu yake. Mlenda bado haumpendezi, lakini hula matonge mawili ya kwanza kabla ya kuomba mboga nyingine. Baba mkwe alipokuja mwezi uliopita, alimlaki mlangoni kwa "Mbukwa", kisha akashika birika na beseni yeye mwenyewe, akamnawisha mikono. Mzee akauliza kama binti yake anaumwa. Binti alikuwa ameketi mkekani, akiwangoja waanze.