Swali na Jibu: B+ na Nafasi ya Kusomea Sheria

*Binti yangu alipata B+ katika KCSE. Kiswahili A-, Kiingereza C+. Mwalimu mmoja hapa Rongo amemwambia asahau sheria. Ni kweli? – Mzazi, Migori*

Si kweli. Shahada ya sheria hudai wastani wa C+, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Neno "au" ndilo husahaulika. A- ya Kiswahili inatosha kabisa kumfungulia mlango.

Ugumu halisi ni ushindani. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hukokotoa alama za masomo manne, kiwango cha juu kikiwa 48, kisha nafasi hujazwa kuanzia juu. Kiwango cha kujiunga cha mwaka uliopita ni alama za aliyeingia wa mwisho, hivyo hupanda na kushuka. Chuo Kikuu cha Nairobi huvutia wengi. Ni busara mwombaji aweke pia Kisii, kisha fani nyingine anayoipenda kwa dhati. Kabla ya kukubali chuo chochote, hasa cha kibinafsi, hakiki leseni yake kwa Baraza la Elimu ya Sheria.

Makosa mengi ya kutuma ombi mtandaoni hutokea kwenye saiba, kwa haraka: msimbo wa kozi ukikosewa tarakimu moja, ombi huenda kozi nyingine. Mwombaji aingize nambari mwenyewe, asome jina la kozi kwenye skrini, ndipo atume.

Akikosa nafasi, kuna awamu ya marekebisho, na baadaye uhamisho baina ya vyuo. Kuhusu mkopo wa masomo wa HELB, Huduma Centre za Migori na Homa Bay husaidia. Asilipwe wakala yeyote anayeahidi nafasi.