Kuketi Kutwa Kazini Kunavyoumiza Moyo

Mkazi wa Mlolongo anayefanya kazi Nairobi huketi kwenye matatu asubuhi, akingoja msongamano wa Barabara ya Mombasa upungue. Huketi ofisini hadi jioni, kisha akaketi tena safari ya kurudi. Akifika nyumbani, kiti kingine kinamngoja mbele ya televisheni. Wewe jana uliketi kwa muda gani?

Madhara ya kuketi hivyo yalipimwa kwanza ndani ya mabasi. Mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva aliketi zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo mara chache kuliko madereva, na walioshikwa walishikwa wakiwa na umri mkubwa zaidi.

Ukiketi, misuli mikubwa ya mapaja na miguu hulala. Hiyo ndiyo huvuta sehemu kubwa ya sukari kutoka kwenye damu. Ikikosa kazi, sukari ya ugali wa mchana huendelea kuzunguka mwilini kwa muda mrefu.

Kwani wazee wetu hawakuketi? Waliketi sana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Wahadza, wawindaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, ulionyesha kwamba hupumzika kwa karibu saa 10 kila siku, na mioyo yao ni mizima. Ni kweli hutembea sana. Lakini hata wakipumzika, mara nyingi huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu hubaki na kazi kidogo. Kiti cha ofisi chenye mito huichukua kazi hiyo yote.

Basi ni kuikatiza ile hali ya kuketi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha mwaka 2023 uchunguzi ulioonyesha kwamba kutembea dakika 5 kila nusu saa hushusha sukari na presha. Waliopimwa walikuwa 11 tu, na si kila bosi atakubali hesabu hiyo. Hata hivyo, matembezi mafupi zaidi pia yalishusha presha. Chai ya saa nne ifuate mwenyewe badala ya kuletewa mezani. Simu ipokee ukiwa umesimama. Dereva akifika stejini, ashuke gari likijaza abiria.

Kusimama kutwa nako si dawa. Muulize mama wa sokoni kuhusu miguu yake jioni.

Wenye shida zaidi ni mafundi wa cherehani katika viwanda vya EPZ, Athi River, ambao hawawezi kuinuka wapendapo. Hapo jukumu ni la msimamizi: apange zamu zenye mapumziko mafupi, mashine zisimame kwa zamu.

Tangu Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Wa kijijini kwako akibisha hodi, mkubalie akupime hata kama hujisikii mgonjwa. Wengi wenye presha hawaoni dalili yoyote.