Programu Mseto Kwenye Simu Yako: Maswali Matatu Kabla ya Kupanda au Kuuza

Leo hatugusi mbolea wala viuatilifu. Tunaongelea zile programu za simu na tovuti ambazo ukizifungua unakuta kila kitu kwenye ukurasa mmoja: mvua ya wiki hii, aina ya udongo, picha ya shamba kutoka setilaiti na bei ya mahindi sokoni.

Vijana wengi mnazitumia, na mimi mwenyewe nazitumia kila siku kazini. Ila naona wengi mnazisoma kama vile kuna mtu mmoja alifika shambani kwako, akapima vyote hivyo, akaandika. Mtu huyo hayupo. Na ukishaelewa kwamba hayupo, utazitumia vizuri zaidi.

Zinafanyaje kazi?

Mimi naziita programu mseto, maana zinafanana na kilimo mseto. Ukichanganya mahindi na maharage, shamba ni moja lakini kila zao lina siku zake za kukomaa. Programu hizi ni hivyo hivyo. Ukurasa ni mmoja, takwimu zimetoka sehemu tofauti, na kila moja ina umri wake.

Programu yenyewe mara nyingi haipimi chochote. Inabisha hodi kwenye kompyuta za taasisi mbalimbali kupitia mlango maalumu unaoitwa API. Inasema, "Nipeni taarifa za eneo hili," inapewa, kisha inazipanga pamoja ili wewe usome.

Mtindo huu ulipata umaarufu mwaka 2005, pale Paul Rademacher wa Marekani alipochukua matangazo ya nyumba za kupanga kwenye tovuti ya Craigslist na kuyaweka juu ya ramani ya Google. Badala ya kusoma orodha ndefu, mtu akawa anaona nyumba iko mtaa gani. Januari 2008 jirani zetu Kenya wakaanzisha Ushahidi, iliyokusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi kutoka ujumbe wa simu, barua pepe na tovuti, zikaonekana kwenye ramani moja. Faida yake ndo hiyo: vitu vilivyotawanyika vikikaa pamoja, unaona jambo ambalo kimoja kimoja kisingekuonyesha.

Sasa twende shambani. Kabla hujatoa hela yako kwa sababu ya kitu ulichokiona kwenye programu, uliza maswali matatu.

1. Namba hii inaongelea eneo kubwa kiasi gani?

Programu nyingi za hali ya hewa huchota utabiri kutoka mfumo wa Marekani uitwao GFS, ambao takwimu zake za wazi hutolewa kwa miraba ya karibu kilomita 28 kwa 28. Mraba mmoja ni zaidi ya ekari 190,000! Wewe una ekari tano humo ndani.

Takwimu za mvua za CHIRPS, zinazochanganya setilaiti na vipimo vya ardhini, zina miraba ya kilomita 5 hivi. Ramani ya udongo ya iSDAsoil ina miraba ya mita 30, na picha za setilaiti za Sentinel-2 zinafika mita 10, yaani kama miraba 40 kwenye ekari moja.

Kwa hiyo kwenye ukurasa huohuo, picha inaweza kukuonyesha kona ya shamba iliyonyauka, lakini utabiri wa mvua unaongelea mraba mzima wa karibu kilomita 28 kwa 28. Msimu uliopita kijana mmoja kwenye kata yangu aliniletea simu inayoonyesha mvua ya milimita 12 kwa siku ile. Shambani kwake vumbi lilikuwa linatimka. Mvua ilinyesha kweli, ila ng'ambo ya mlima. Bahati nzuri mbegu ilikuwa bado kwenye mfuko.

2. Ni ya lini?

Utabiri wa GFS hutengenezwa upya mara nne kwa siku. Sentinel-2 hupita kila baada ya siku tano hivi, na siku ikiwa na mawingu picha haifai. Masika mawingu yanaweza kuziba wiki kadhaa, kwa hiyo ile picha ya kijani unayoifurahia inaweza kuwa ya mwezi jana. Ramani ya udongo nayo haijui kwamba ulimwaga samadi mwaka huu.

Bei ndiyo ya kuangalia zaidi. Tafuta tarehe pembeni ya namba. Kama tarehe haipo, hiyo bei ichukulie kama stori ya kijiweni: sikiliza, usiifanyie hesabu.

3. Imepimwa kwa kipimo gani?

Hapa ndipo hela inapotea kimya kimya. Tuchukue mfano wa hesabu, namba ni za kujifunzia tu. Programu inasema gunia la mahindi sokoni ni shilingi 60,000. Dalali yuko shambani kwako anatoa 52,000. Unaona tofauti ni 8,000 tu, bora umalizane naye.

Ngoja kwanza. Gunia la kwenye programu ni la kilo 100. La dalali ni lumbesa, ambayo sheria imeikataza, na ukiliweka kwenye mzani lina kilo 120. Yeye anakulipa kama 433 kwa kilo, soko linalipa 600.

Tuseme una lumbesa 50, yaani kilo 6,000:

- Ukimuuzia dalali: 50 × 52,000 = 2,600,000.
- Ukipeleka sokoni: magunia 60 × 60,000 = 3,600,000. Toa usafiri, kupakia na ushuru, tuseme 9,000 kwa gunia, jumla 540,000. Unabaki na 3,060,000.

Umepata 460,000 zaidi. Lakini rudi kwenye swali la pili. Kama ile bei ni ya wiki mbili zilizopita na leo soko limeshuka hadi 52,000, unauza kwa 3,120,000, ukitoa gharama unabaki na 2,580,000. Umezunguka na lori kutwa nzima na bado umepata pungufu ya 20,000 kuliko ungeuza shambani. Tarehe peke yake imegeuza biashara.

Ongeza chanzo chako mwenyewe

Sisemi mzifute hizi programu. Nasema mchanganyiko wake una kiungo kimoja kinachokosekana, nacho unacho wewe.

- Mvua. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na miti. Kila asubuhi chovya rula. Maji ya milimita 10 ni mvua ya milimita 10, sawa na lita 10 kwa kila mita moja ya mraba. Andika, mwaga.
- Unyevu. Kabla ya kupanda chimba hadi sentimita 15 hivi, shika udongo, ufinye. Ukisambaratika kama unga, subiri.
- Bei. Piga simu kwa watu wawili walioko sokoni leo, wasiofahamiana. Uliza bei kwa kilo, siyo kwa gunia.
- Udongo. Ramani ikuonyeshe wapi pa kuchukua sampuli. Uamuzi wa mbolea au chokaa usubiri majibu ya maabara.

Namba zako na za programu ziandike daftari moja, safu mbili, kila siku. Baada ya msimu mmoja utajua programu ipi inakaribia ukweli wa shamba lako na ipi inakumalizia bando tu.

Kazi ya wiki hii: fungua programu unayoiamini kuliko zote. Chagua namba tatu, na kwa kila moja andika imetoka wapi, ni ya lini na ni ya eneo gani. Ile utakayoshindwa kuijaza, usiipandie wala usiiuzie.

Tukutane somo lijalo. Kazi njema.